Disiki ikijaa bila sababu, kufuta si dawa

KALEMIE. Siku ya posho asubuhi, mama mmoja kutoka kambi ya wahami ya Katanika alifika kwenye mlango wa radio moja ya jamii mjini Kalemie. Alikuwa ametembea kwa miguu, mtoto mgongoni. Alichoomba kilikuwa kidogo: tangazo la kumtafuta kijana wake, lililosomwa hewani mwaka 2017, lipite tena. Alisikia kwamba boti zinazotoka Kivu ya Kusini zinaleta watu wengi, na huenda kati yao kuna mtu anayemjua mtoto.

"Papa, mulisema mutalitunza," alimwambia mtangazaji wa zamu.

Mtangazaji alikubali. Alitaka kwanza kurekodi maneno mapya ya mama, kisha atafute tangazo la zamani. Mashine ikakataa. Kwenye kioo kulitokea maneno ambayo kila mfanyakazi wa ofisi anayajua: hakuna nafasi, disiki imejaa. Mama akaambiwa arudi siku ya kwanza.

Disiki hiyo ilikuwa na umri wa miezi mitano tu. Ni disiki ya nje ya tera moja, iliyonunuliwa kwa michango ili iwe akiba ya radio: habari, mahojiano, mikutano iliyorekodiwa kambini, orodha za familia zilizopigwa picha, na matangazo ya watu waliopoteana. Siku ya kuinunua, mkurugenzi alipiga hesabu mbele ya wote na kusema itatosha miaka mingi. Sasa imejaa, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mchana ule ule kulikuwa na mkutano mfupi. Maoni yalikuwa mawili. La kwanza: kununua disiki nyingine. La pili, lililopata sauti nyingi kwa sababu sanduku la pesa lilikuwa tupu: kufuta vya zamani, kuanzia dosie la 2017. "Nani bado anasikiliza ya 2017?" aliuliza mmoja.

Hakuna aliyekumbuka kwamba jibu la swali hilo lilikuwa limetoka mlangoni asubuhi ile, na mtoto mgongoni.

Kinachotokea katika radio hiyo kinatokea katika ofisi nyingi za Kalemie: kwenye kamati za kambi, shule, parokia, na mashirika madogo. Chombo cha akiba kinajaa, watu wanafuta kilicho mbele ya macho yao, na baada ya miezi miwili kinajaa tena. Tabia hiyo ni hatari. Inaharibu kumbukumbu ambayo haitapatikana tena, na haigusi hata kidogo kile kilichojaza disiki.

Kwanza hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayoonyesha kama kuna mwizi. Saa moja ya sauti iliyobanwa kwa namna ya MP3, kwa kipimo cha kilobiti 128, inachukua karibu mega 58. Radio hiyo inatunza masaa manne kwa siku. Hiyo ni mega 230 kwa siku, yaani giga 84 hivi kwa mwaka mzima. Kumbukumbu za zamani zilizohamishwa siku ya kwanza zilikuwa giga 177. Ongeza miezi mitano, giga 35. Jumla 212. Disiki ya tera moja huonyesha kwenye kioo giga 931 hivi, wala muuzaji hajaiba kitu: kiwanda kinahesabu kwa elfu moja moja, mashine inahesabu kwa 1.024. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ilipaswa kutosha miaka karibu tisa. Lakini mashine ilisema giga 928 zimetumika, zimebaki 3.

Giga 716 zilikuwa zimekaliwa na kitu ambacho hakuna mtu aliyekiweka kwa mikono yake. Mwenye nyumba anayekuta gunia la unga limeisha kwa siku tatu hauzi sufuria ili apate nafasi. Anauliza nani anakula usiku.

Siku ya Mungu baada ya misa, kijana mmoja fundi wa kompyuta alikubali kuja kuangalia. Hakufuta kitu. Hilo lilikuwa jambo lake la kwanza na la maana kuliko yote. Alikataza mtu yeyote kugusa disiki mpaka ajue nini kiko ndani. Kisha akaiamuru mashine ionyeshe vitu vilivyofichwa, na akatumia programu ndogo ya bure inayopanga dosie kufuatana na uzito. Katika masaa mawili wezi wanne walikuwa wamejulikana.

Wa kwanza ni korbei. Watu wengi wanaamini kwamba kitu kikishafutwa kimekwenda. Kwenye disiki ya nje, kilichofutwa kinaingia mara nyingi katika korbei iliyofichwa ndani ya disiki hiyo hiyo, na kinaendelea kukaa nafasi ile ile. Tena kila mtumiaji ana kona yake. Kitu kilichofutwa kwenye kompyuta ya chumba cha habari hakiondoki mtu akimwaga korbei kwenye kompyuta ya studio. Disiki hii ilikuwa ikitembea kati ya mashine tatu, na moja ilikuwa ya mwanafunzi aliyemaliza mafunzo yake na kuondoka nayo. Kona yake ilibaki imejaa. Giga 96 kwa jumla.

Wa pili ndiye mkubwa, giga 540. Ni programu ya akiba yenyewe. Ilikuwa imepangwa kuamka kila saa, kuangalia faili gani limebadilika, na kulinakili upya lote, hata kama kilichobadilika ni sekunde moja. Na matoleo ya zamani iliamriwa kuyatunza milele. Hakuna aliyechagua hivyo. Ndivyo programu ilivyokuja, na siku ya kuiweka kila mtu alibonyeza "ndiyo" mpaka mwisho.

Sasa, gazeti la sauti la radio hiyo linatengenezwa kwa sauti isiyobanwa, ambayo saa moja ni zaidi ya mega 600, mara kumi na moja ya MP3. Faili la kazi la masaa mawili ni zaidi kidogo ya giga 1,2. Mhariri analigusa asubuhi, saa sita, mchana na jioni. Kila mara programu inachukua kopi nzima. Ni karibu giga 5 kwa siku, siku 108 za kazi, na hesabu inarudi yenyewe: 540. Programu haikuwa na kosa. Ilifanya kazi iliyoamriwa, bila kuchoka, mpaka pumzi ya disiki ikaisha.

Katika mlima huo kulikuwa na kitu kingine. Mtu mmoja, kwa nia njema, alibadilisha jina la dosie moja la mahojiano. Kwa macho ya programu, dosie lenye jina jipya ni dosie jipya. Ikalinakili lote tena, na la zamani ikalitunza pembeni.

Wa tatu ni kirusi, kile ambacho vijana wa sekretaria za mitaani wanakijua sana. Kinaingia kwa flashi, kinaficha dosie za kweli, na mahali pake kinaweka njia za mkato zenye jina lile lile. Mtu akifungua anaona utupu, anadhani vitu vimepotea, anavileta tena kutoka mahali pengine. Hapo vya zamani bado viko, vimefichwa tu, na vipya vinakaa juu yake. Giga 48.

Wa nne ni umeme. Kalemie inapata umeme wa maji kutoka Bendera, na kila mkaaji anajua namna unavyokatika. Ukikatika katikati ya kunakili, inabaki nusu ya faili ambayo haifunguki na haina jina linaloeleweka. Umeme ukirudi, programu inaanza upya na kuiacha nusu ile pale pale. Giga 32 za vipande.

96, 540, 48 na 32: ndiyo 716. Siri ilikuwa imekwisha.

Hebu mtu ajiulize sasa kama dosie la 2017 lingefutwa siku ya posho. Lilikuwa na giga 9 tu. Kwa giga 5 kwa siku, nafasi hiyo ingejaa kabla siku tatu za kazi hazijaisha. Radio ingekuwa imetoa kumbukumbu ya mwaka ambao mamia ya maelfu ya watu walikimbia vijiji vya Tanganyika kwa sababu ya mapigano kati ya Watwa na Waluba, mwaka ambao Katanika, Kalunga, Kabembe, Kateke na Lukwangulo zilijaa vibanda vya majani, ili ipate nafasi isiyomaliza hata wiki moja.

Watu wengine watasema: vitu hivyo si viko kwa mashirika makubwa? Hapa ndipo wahami wanapaswa kusikiliza vizuri. Mashirika yanakuja na yanaondoka. MONUSCO ilifunga kazi yake katika jimbo la Tanganyika mwisho wa mwezi wa sita mwaka 2022. Miradi ya msaada inaisha, ofisi zinafungwa, na kompyuta zinakwenda na wenyewe. Orodha ambayo familia ilipigiwa picha na kusainiwa inaweza kuwa leo katika mji ambao familia hiyo haitaufikia hata siku moja. Kinachobaki Kalemie ni kile ambacho wakaaji wa Kalemie walikitunza: sauti kwenye radio, daftari ya kamati, picha katika simu ya mwenyekiti wa kambi.

Na mahitaji hayajaisha. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma ilipoanguka mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, familia kutoka Kivu ya Kusini zilifika Kalemie kwa njia ya ziwa. Watu wanaopoteana leo watahitaji kusikika kesho, na watu waliopoteana mwaka 2017 bado wanatafutana. Familia inayodai jina lake lilikuwa kwenye orodha inahitaji mahali pa kwenda kuonyesha. Katika nchi ambamo kadi ya mchaguzi ndiyo inatumika na wengi kama kitambulisho, mtu aliyepoteza kadi hiyo barabarani anashikilia chochote kinachothibitisha yeye ni nani: picha, sauti, mstari katika orodha.

Lakini siku ile ya Mungu fundi aligundua jambo lingine, ambalo halikuhusu nafasi. Ndilo linalopaswa kuwaondolea usingizi viongozi wa radio na wa kamati kuliko disiki iliyojaa.

Katika kona moja ya korbei kulikuwa na mahojiano ya mama mwingine. Huyu alikuwa ameeleza mbele ya kinasa sauti mabaya aliyotendewa wakati wa kukimbia, na alitaja majina. Wiki mbili baadaye alirudi na kuomba yafutwe, kwa sababu mmoja wa waliotajwa alionekana mjini. Radio ilikubali. Mtangazaji alifuta mbele ya macho yake, na mama akaenda amepumua. Sauti yake haikuwa imefutwa. Ilikuwa korbeini nzima, na tena mara nyingi ndani ya matoleo ya programu ya akiba, kopi baada ya kopi. Disiki hiyo ilikuwa imekwenda kwenye mashine tatu, na moja haijulikani iko wapi.

Hapa kuna kinyume kinachouma. Mama wa kwanza alitaka atunzwe, na radio ilikuwa tayari kumfuta. Mama wa pili alitaka afutwe, na radio ilikuwa inamtunza bila kujua. Ofisi isiyojua kilichomo katika disiki yake haiwezi kutimiza ahadi yoyote kati ya hizo mbili. Haiwezi kusema "tutatunza" wala "tumefuta" na kuwa mkweli.

Sheria ya nchi inalijua jambo hili. Kodi ya numeriki ya Kongo, iliyotolewa kwa ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2023, ina sehemu juu ya ulinzi wa habari za kibinafsi. Lakini kabla ya sheria kuna heshima tu. Mtu aliyekuja na kidonda chake ofisini ana haki ya kuambiwa ukweli juu ya mahali sauti yake ilipo.

Mkurugenzi alifanya kitu ambacho si wote wangefanya. Siku ya kwanza alikwenda mwenyewe kambini kwa mama wa pili, pamoja na mwanamke mmoja wa radio, akamweleza kosa lilivyotokea. Mama alinyamaza kwa muda.

"Basi, papa, safari hii mufute kweli," alisema. "Na huyo mwanafunzi mumutafute."

Walimtafuta. Kona yake ya korbei ilisafishwa, na kompyuta yake pia ikaangaliwa.

Wale wanaosema tatizo ni umaskini wana sehemu ya ukweli. Radio za jamii zinaishi kwa matangazo ya misiba na michango ya wasikilizaji, na disiki mpya si karanga. Lakini umaskini ndiyo sababu kubwa ya kutafuta chanzo kabla ya kununua. Kwa mwendo ule wa giga 5 kwa siku, disiki ya pili ingejaa kama ya kwanza, katika msimu mmoja wa mvua. Mtumbwi unaovuja haukombolewi kwa kununua ndoo kubwa zaidi.

Wengine wanasema kila kitu kiwekwe kwenye intaneti. Kwa ofisi yenye laini nzuri na pesa ya kila mwezi, ni wazo zuri. Kwa radio inayonunua mega za simu kwa siku, kupandisha mamia ya giga ni ndoto. Na orodha za wahami zenye majina, umri na mahali wanapolala si vitu vya kutupa kwenye akaunti ambayo nywila yake inajulikana na watu wanane.

Kinachohitajika ni nidhamu ndogo, na sehemu yake kubwa haigharimu franka hata moja.

Kila ofisi inapaswa kuwa na mtu mmoja anayewajibika kwa disiki, na daftari ya karatasi pembeni yake. Daftari inaandika kitu gani kimeingia, tarehe gani, nani amekileta. Na kitu gani kimefutwa, kwa ombi la nani, na kama korbei na matoleo ya zamani yamesafishwa pia. Daftari haihitaji umeme wa Bendera.

Mara moja kwa mwezi, mtu huyo alinganishe namba mbili: uzito wa dosie zote anazozijua, na nafasi ambayo disiki inasema imetumika. Zikikaribiana, hakuna shida. Zikiachana sana, kuna mgeni ndani ya nyumba, na atafutwe kabla hajamaliza unga. Siku hiyo hiyo afungue faili moja la zamani na kulisikiliza. Akiba ambayo haijawahi kufunguliwa ni imani tu.

Programu ya akiba ipewe mpaka: itunze matoleo ya miezi mitatu, kwa mfano, si ya milele. Upunguzaji ufanywe kupitia programu yenyewe, kwa sababu kung'oa faili zake kwa mkono kunaweza kuharibu zilizobaki. Faili za kazi, zile nzito zisizobanwa, zikae nje ya akiba ya kila saa. Kinachotunzwa ni gazeti lililokamilika. Majina ya dosie yaamuliwe mara moja na yasibadilishwe ovyo. Flashi ya mgeni ipite kwanza kwenye mashine yenye dawa ya virusi. Na disiki isichomolewe kama mtu anang'oa muhogo. Iagwe kwanza, ndipo itolewe. Betri ndogo ya sola inayoishikilia mashine kwa dakika kumi baada ya umeme kukatika inaokoa zaidi ya inavyogharimu.

Na disiki moja si akiba. Mafundi wana kanuni ya zamani: kopi tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Kwa Kalemie "mahali pengine" si neno la kitabuni. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba za karibu na ufuko. Ofisi yenye disiki tatu katika kabati moja kando ya maji ina kopi moja tu mbele ya ziwa. Kopi ya pili ipandishwe mlimani, kwa parokia, kwa shule, kwa mtu anayeaminika, na ifungwe kwa nywila ili anayeitunza asiweze kuisoma, wala mwizi.

Juu ya yote, sheria ya fundi yule kijana ibandikwe ukutani: hakuna kufuta kabla ya kujua. Disiki inayoonekana tupu lakini inasema imejaa isifanyiwe formati. Mara nyingi ndani yake kila kitu kipo, kimefichwa tu. Mtu anayeiformati siku hiyo ndiye anayepoteza kitu kwa kweli.

Familia katika kambi zina disiki yao pia: ni simu. Wengi wamefuta picha za watoto au picha ya kadi ya mchaguzi kwa sababu simu ilisema imejaa, na siku ya pili ikasema vile vile. Mwizi ni yule yule. Kwenye simu nyingi za Android, kila video ya kundi la WhatsApp inayopakuliwa inabaki kwenye simu. Video ambayo mwenye simu ameituma kwa wengine inaweza kutunzwa mara ya pili katika dosie ya vitu vilivyotumwa, na mazungumzo yenyewe yanawekewa akiba kila siku kwa siku saba. Ndani ya WhatsApp, katika mipangilio, kuna mahali pa kuhifadhi panapoonyesha video kubwa kuliko zote na makundi yanayokula zaidi. Hapo ndipo pa kuanzia kufuta, si kwenye picha ya bibi. Na picha ya kadi au ya jetoni ya msaada itumwe kwa ndugu mmoja wa kuaminika katika mji mwingine. Simu ikianguka majini, ndugu anayo. Lakini isipelekwe katika kundi, wala isiachwe katika mashine ya sekretaria ambapo kila anayekuja kupiga fotokopi anaweza kuiona.

Kwa radio ile, kazi ya usafi ilichukua siku mbili. Kabla ya kuanza, kila kitu kilinakiliwa kwenye disiki ya kuazima, ili kosa lisiwe kifo. Disiki hiyo ilipangusiwa kabisa kabla ya kurudishwa, na fundi ndiye aliyehakikisha. Matoleo ya programu yalipunguzwa kutoka giga 540 hadi 60. Giga 32 za vipande vya umeme ziliondolewa. Korbei ilisikilizwa faili kwa faili kabla ya kumwagwa. Giga 4 zilirudishwa kwenye dosie zao, kwa sababu zilikuwa zimefutwa kwa makosa, na 92 zikaondoka, kati yake sauti ya mama wa pili, safari hii kweli. Vilivyofichwa na kirusi vilifichuliwa na kubakizwa vyote mpaka vilinganishwe. Giga 604 zikapatikana, bila kununua chochote na bila kugusa mwaka 2017.

Tangazo la mama wa Katanika lilikuwa pale, katika dosie lililotaka kufutwa. Lina dakika moja na sekunde arobaini. Linataja jina la kijana, kijiji walipoachana, alama kwenye mkono wake wa kushoto. Sauti inayolisoma si ya mama, ni ya bibi wa mtoto, ambaye alikufa kambini tangu wakati ule. Mama alipolisikia alikaa chini kwenye sakafu ya studio, akaomba lirudiwe kabla halijakwenda hewani.

Lilipita jioni ya siku ya kwanza baada ya habari, likarudiwa siku ya pili na ya tatu. Hakuna aliyepiga simu bado. Lakini sasa liko mahali patatu, na mtu mmoja ana jina lake kwenye daftari kama mwenye kulilinda. Kila ofisi ya Kalemie inayowaambia wahami "tutatunza" inadaiwa kiasi hicho.